Kuchimba Dhahabu Chunya kwa Leseni Bila Kuharibu Maji

Kabla ya kuchimba duara (shimo la dhahabu) lolote Chunya, fika ofisi ya Afisa Madini Mkazi ili uhakikishe kwamba eneo unalolitaka halina leseni ya mtu mwingine, kisha uombe leseni ndogo ya uchimbaji, ambayo chini ya Sheria ya Madini ya 2010 hutolewa kwa Watanzania na hudumu miaka 7.

Andaa pia mpango wa utunzaji wa mazingira. Wengi huichukulia leseni na mpango huu kama karatasi tu, nami naona hapo ndipo madhara yanapoanzia, kwa kuwa mchimbaji asiye na leseni hana anwani ya kudaiwa mashimo aliyoyaacha wazi. Weka mwalo, yaani mahali pa kuoshea mawe yaliyosagwa ili kupata dhahabu, angalau mita 60 kutoka kingo za mto, kama Sheria ya Mazingira ya 2004 inavyotaka, kwani tope lenye zebaki, inayotumika kunasa dhahabu, likiingia Mto Lupa huelekea Ziwa Rukwa, wanakovua watu wasiohusika na dhahabu yako. Unapoichoma zebaki ili ibaki dhahabu, usiichomee hewani wala jikoni. Tumia chombo kilichofungwa kinachonasa mvuke wake.

Dhahabu uiuze katika soko la madini, ukitunza stakabadhi.