Kufuatilia maisha ya mwinyi wa mashamba wa Uingereza aliyekuwa mbunge

Anza na ardhi yake. Hotuba za bungeni utazirudia baadaye. Katika karne ya 18, ukiwaacha wachache waliosamehewa, sheria ya 1711 ilimtaka mbunge wa kaunti awe na pato la ardhi la pauni 600 kwa mwaka, na wa mji pauni 300. Sharti hilo lilifutwa 1858. Kisheria asiye na shamba hakuruhusiwa kuingia, basi tafuta alilipataje: kwa urithi, kwa kununua au kwa kuoa.

Mkataba wa ndoa usome kabla ya wosia. Mara nyingi mkataba ndio ulioifunga ardhi kwa mwana mkubwa, na mbunge mwenyewe akabaki na haki ya kuitumia maishani mwake tu. Ndiyo maana wosia unaweza usitaje kabisa ile nyumba kubwa. Wengi hapo hudhani alifilisika, kumbe ilishagawiwa zamani. Wosia wa matajiri hadi mwanzoni mwa 1858 utafute katika Hifadhi ya Taifa ya Nyaraka, Kew, fungu PROB 11. Nyaraka za familia huwa kwenye hifadhi ya kaunti.

Tarehe ndizo zinazoangusha watu. Kabla ya 1752, mwaka wa kisheria Uingereza ulianza 25 Machi. Robert Walpole wa Houghton, Norfolk, anayehesabiwa waziri mkuu wa kwanza wa Uingereza, alifariki 18 Machi, mwaka 1745 kwa hesabu yetu, ila hati ya siku hizo ingeandika 1744. Nakili mwaka kama ulivyoandikwa, kisha weka mkwaju: 1744/5. Ukizichanganya hesabu hizo mbili, utakuta mtu anatia saini baada ya kuzikwa.

Majina nayo yana mtego. Baba yake Walpole pia aliitwa Robert, pia alikuwa mbunge wa Castle Rising, akafa 1700. Mwana akakishika kiti hichohicho 1701. Usimpe mtu tendo lolote kabla hujajua baba alikufa lini. Rejista za parokia zipo tangu 1538, pale zilipopona, lakini huandika ubatizo, si kuzaliwa.

Mwisho, daftari za kura. Hadi 1872 kura zilipigwa hadharani, hivyo daftari lililosalia humtaja mpiga kura na aliyemchagua. Liweke kando ya orodha ya kodi za shamba, uone wapangaji wangapi walimfuata bwana wao, na nani alithubutu kumkataa.