Kufuma skafu kwa uzi uliotiwa rangi nyumbani: usimalize donge moja ndipo uanze la pili

Mtoto wa dada yangu alinijia juzi na skafu iliyofika nusu, machozi yanamlengalenga. "Mama mdogo, mbona imekuwa kama skafu mbili?" Uzi alikuwa ameutia rangi mwenyewe kwa maganda ya vitunguu, na mishono yake ilikuwa imelingana vizuri. Lakini katikati rangi ilikatika ghafla: huku dhahabu, kule kahawia. Yaliwahi kunikuta mimi pia, nikafumua sentimita 80 usiku mmoja. Tuliifumua yake, tukaanza upya hivi.

1. Hakikisha ni sufu

Nyuzi nyingi za madukani ni akriliki, na rangi ya maganda haishiki humo. Choma kipande kifupi juu ya sahani. Sufu hunuka kama nywele zilizoungua na majivu yake husagika vidoleni. Akriliki huyeyuka, ikaacha tone gumu la plastiki. Tafuta gramu 200 za sufu ya unene wa kati, mashada mawili. Napenda iliyosokotwa kwa mkono, hata kama ina vinundu. Ioshe kwanza mafuta ya kondoo yatoke.

2. Tia rangi

Funga kila shada sehemu 4 kwa uzi wa pamba, mafundo yawe malegevu, kabla halijagusa maji. Usipofunga, utashinda siku nzima ukilifumbua. Yeyusha gramu 20 za shabu (ile chumvi ya kushikisha rangi) katika maji ya moto, ongeza maji, weka sufu iliyokwisha kuloweshwa, ukae nayo saa 1 kwenye moto mdogo. Chemsha kando gramu 200 za maganda ya vitunguu (mama mboga wangu huniwekea mfuko mzima), chuja, kisha hamishia sufu humo saa 1 nyingine. Maji yatoe mvuke tu, yasitokote. Iache sufu ipoe humo humo sufuriani, maana ikitoka motoni ikaingia maji baridi hujikunja na kushikana kama blanketi. Suuza mpaka maji yatoke meupe, anika kivulini. Sufuria hiyo usiipikie tena.

3. Kunja madonge

Vika shada kwenye migongo ya viti viwili, kata vile vifungo, kunja bila kuvuta.

4. Anza

Sindano za milimita 5, na kwangu ni za mianzi. Za chuma huteleza na mwanafunzi hupoteza mishono. Ukirithi sindano za zamani zenye namba za Kiingereza, tafuta namba 6, na ukumbuke kwamba huko namba ikipanda sindano hupungua unene. Anzisha mishono 36. Fuma mishono ya mbele tu, kwenda na kurudi. Mshono wa kwanza wa kila mstari uhamishe bila kuufuma, ukingo utanyooka.

5. Pokezanisha madonge

Hapa ndipo skafu ya mtoto iliharibikia. Mashada mawili hayafanani kamwe, hata yakichemshwa sufuria moja siku moja: lililolala chini, karibu na maganda yaliyoponyoka chujio, hunywa rangi zaidi. Usiku chini ya balbu utaapa ni mamoja. Yapeleke dirishani asubuhi.

Kwa hiyo fuma mistari 2 kwa donge la kwanza, mistari 2 kwa la pili, hivyo hivyo mpaka mwisho. Isiwe mstari 1, kwa sababu uzi utabaki upande usio na sindano yako. Usikate uzi unapobadilisha. Upandishe ukingoni, ule mpya upite juu ya ule unaouacha. Uzi huo unaopanda ukae legelege. Ukiuvuta, ukingo mmoja utakuwa mfupi na skafu itapinda kama ndizi, na kosa hilo hulioni mpaka umefika mbali. Mimi hunyoosha ukingo kwa vidole kila ninapobadilisha, kisha ndipo nafuma mshono wa pili. Kwenye ukingo huo wa kubadilishia, mshono wa kwanza ufume, usiuhamishe, ili uushike uzi mpya.

Weka kila donge kwenye bakuli lake, moja kulia na moja kushoto, na mwisho wa mstari geuza kazi mara hii kwa kulia, mara ijayo kwa kushoto, nyuzi zisisokotane. Na kama umeshafuma donge zima? Ikiwa tofauti ni ndogo na sentimita 20 za mwisho bado zinafumulika, fumua hizo tu, upokezanishe hapo, rangi ihame polepole. Tofauti ikiwa kubwa kama ya mtoto wetu, fumua yote.

6. Maliza

Ikifika sentimita 160, funga mishono kwa ulegevu. Loweka dakika 20 katika maji ya uvuguvugu, kunja ndani ya taulo, kanyaga taulo maji yatoke, kisha laza skafu juu ya kitambaa kikavu na uinyooshe kwa viganja. Usiitundike kambani, uzito wa maji utairefusha. Kwa baridi ya Molo mwezi wa Julai, igeuze kila asubuhi kwa siku 3.