Unataka kuwa ripota wa pembeni ya uwanja kwenye TV? Anzia hapa

Kwanza malizana na makaratasi, kwa Tanzania unahitaji kuanzia diploma ya uandishi wa habari halafu kitambulisho cha Bodi ya Ithibati ya Waandishi wa Habari, ni Sheria ya Huduma za Habari ya 2016 hiyo, fanya mapema usije ukahangaika baadae.

Sasa kazi yenyewe. Prodyuza anakuhesabia sikioni tano, nne, tatu, nyuma yako pale kwa Mkapa watu 60,000 wanapiga kelele, Simba na Yanga hiyo, na we unatakiwa useme kitu cha maana ndani ya sekunde chache tu. Kwahiyo jizoeze nyumbani, vaa earphone redio ikiwa inaongea, jirekodi na simu uongee bila kukwama. Inachosha ila inasaidia kweli.

Goli mtazamaji kaliona, usimrudishie. Mwambie nani kaanza kupasha, beki gani anashika shika paja, kocha kamuita nani pembeni, vitu ambavyo kamera haijavionyesha.

Na maswali jamani! "Unajisikiaje baada ya ushindi" achana nayo, utajibiwa namshukuru Mungu na wenzangu, basi imeisha. Uliza kitu kimoja kifupi, kipindi cha pili mlihamia mabeki watatu, kwanini? Halafu nyamaza umsikilize, swali la pili litoke kwenye jibu lake.

Ajira bado hujapata? Nenda kwenye ndondo za mtaani kwenu, hoji makocha kwa simu yako, posti.