Daftari la Wodi: Jinsi ya Kufuatilia Maambukizi ya Hospitalini

Mimi ni muuguzi wa wodi ya upasuaji hapa Kisumu. Kazi hii niliianza na daftari na rula, na wodi yoyote inaweza kuanza hivyo.

Kila siku saa nne asubuhi, Jumapili ikiwemo, pita kitanda kwa kitanda. Usiulize walio zamu. Funua shuka ujionee. Andika wangapi wana mpira wa mkojo (mrija wa kutoa mkojo kibofuni) na wangapi wana kanyula (kijirija cha dripu mshipani). Maambukizi yakianza saa 48 au zaidi baada ya mgonjwa kulazwa, na hakuja nayo, yahesabu kuwa yetu. Mwisho wa mwezi, gawanya maambukizi ya mkojo kwa jumla ya siku za mpira (zile hesabu za kila siku za wenye mpira, zikijumlishwa), kisha zidisha kwa 1,000. Maambukizi matatu katika siku 240 ni 12.5. Usipogawanya, mwezi uliojaa wagonjwa utaonekana mbaya bure.

Kinachofichika ni kidonda cha upasuaji. Mama aliyejifungua kwa upasuaji anarudi Nyakach au Seme baada ya siku chache, usaha unamtokea huko. Katika wodi moja niliyofanya kazi zamani, akina mama watatu walirudi ndani ya mwezi mmoja. Kila mmoja alipokewa na zamu yake, akasafishwa kidonda, na hakuna aliyewaunganisha. Linaniuma mpaka leo. Kwa hiyo chukua namba yake ya simu na ya jirani, upige siku ya 7, ya 14 na ya 30. Neno "maambukizi" liache. Sema: "Mama Akinyi, kidonda kinatoa maji? Kinanuka? Nguo inagandia?" Kama Kijaluo ndicho alichokizoea, muulize kwa Kijaluo.

Kuzuia ni kazi ya mikono. Paka dawa ya spiriti sekunde 20 hadi 30 kabla ya kumgusa mgonjwa na baada ya kumwacha. Glavu hazichukui nafasi yake. Chupa itundike miguuni pa kitanda, maana maji ya mfereji hukatika. Mpira wa mkojo uulizie kila asubuhi: bado anauhitaji? Kama hapana, utoke leo hii. Mfuko wa mkojo ukae chini ya usawa wa kibofu, usiguse sakafu.

Hesabu ya mwezi ibandike kwenye chumba cha chai bila jina la muuguzi yeyote, la sivyo watu wataanza kuficha. Mwite na mfanya usafi aione. Wetu ndiye aliyenionyesha kwamba kitanda cha dirishani hakina ndoano, na mfuko ulikuwa unalala chini kila usiku.