Kuumwa kichwa: tambua aina kabla ya kumeza kidonge

Hapa Uganda kichwa kikiuma, njia zilizozoeleka ni mbili: unapita duka la dawa ukapewa vidonge kwenye kibahasha, au unaambiwa una malaria. Mara nyingine unaondoka na vyote viwili. Lakini kuumwa kichwa si ugonjwa mmoja, na dawa inayotuliza aina moja huweza kuzaa nyingine. Vipimo vya dawa vilivyo hapa chini ni vya mtu mzima. Mtoto hupewa dawa kwa uzito wake, na aspirini asipewe kabisa kama hajafika miaka 16.

Hatua ya 1: Ondoa hatari kwanza

Nenda hospitali leo hii ukiona mojawapo ya haya: maumivu yaliyolipuka ghafla na kufika kileleni ndani ya dakika moja, homa na shingo ngumu, kidevu hakifiki kifuani, upande mmoja wa mwili kulegea, mdomo kupinda, maneno kutotoka sawa, degedege au kuchanganyikiwa, kichwa kilichoanza baada ya kuanguka na bodaboda, hata kama ajali ilikuwa wiki iliyopita, kichwa cha aina mpya kwa aliyevuka miaka 50.

Mjamzito aliyepita wiki 20, au mzazi aliyejifungua ndani ya wiki 6, akiumwa kichwa sana na kuona ukungu au vimulimuli, apimwe presha na mkojo siku hiyo hiyo. Asingoje kliniki ya Alhamisi.

Anayeishi na VVU, hasa ambaye hajaanza dawa au aliziacha, akiumwa kichwa siku baada ya siku na kinazidi, aombe kipimo cha damu cha kriptokoka. Kuvu hawa huleta homa ya uti wa mgongo inayoanza polepole, mara nyingine bila homa kali wala shingo kukakamaa. Ndiyo maana wagonjwa hukaa nayo wiki nzima wakimeza panadol.

Na kama nyumba nzima mmeamka vichwa vinauma, huku sigiri ililala ndani na madirisha yamefungwa, tokeni nje mara moja kisha muende hospitali. Hewa ya sumu ya mkaa haina harufu.

Hatua ya 2: Ukiwa na homa, pima malaria

Ni tone la damu la kidoleni tu. Kwenye kipimo cha haraka, mstari wa C lazima utokee, la sivyo kipimo ni kibovu. C na T vikitokea pamoja, hata T ikififia, una malaria. Soma kwa dakika zilizoandikwa kwenye pakiti, usisubiri zipite. Kama ulitibiwa malaria wiki chache zilizopita, T huweza kubaki ingawa vimelea wamekufa, kwa hiyo omba damu yako iangaliwe kwa hadubini. Ukiwa na malaria na umepewa Coartem (artemether-lumefantrine), maliza dozi zote 6 kwa siku 3, ya pili saa 8 baada ya ya kwanza, pamoja na chakula chenye mafuta.

Huna homa na kipimo hakikuonyesha kitu? Usinunue dawa ya malaria. Usikubali pia taifodi iliyotangazwa kwa kipimo kimoja cha Widal. Kipimo hicho huonyesha ndiyo kwa watu wengi wasio na taifodi.

Hatua ya 3: Andika kwa wiki 4

Tumia daftari la shule, si simu. Simu huisha chaji, na daktari husoma ukurasa mmoja wa karatasi haraka kuliko kupekua picha zako. Mfano wa mstari unaofaa:

*Jumanne, saa nane mchana. Kulia, nyuma ya jicho, kinagonga. Kichefuchefu, sitaki mwanga. Sikula asubuhi. Parasetamoli 2 saa kumi. Kimeisha saa nne usiku.*

Wanawake waongeze siku za hedhi.

Hatua ya 4: Linganisha

*Kichwa cha mkazo* hubana pande zote mbili kama kitambaa kilichofungwa sana. Unaweza kutembea na kufanya kazi. Hudumu kuanzia nusu saa hadi siku 7.

*Kipandauso* mara nyingi hushika upande mmoja, hugonga kwa mapigo, huzidi ukipanda ngazi, na huja na kichefuchefu au kuchukia mwanga na kelele. Kisipotibiwa hudumu saa 4 hadi 72. Baadhi ya watu huona kwanza mistari inayometameta kwa dakika 5 hadi 60. Wengi wanaosema "nina sainasi" kumbe wana kipandauso. Wengine huuziwa miwani barabarani kwa kichwa hiki hiki.

Ipo aina ya nadra inayochoma jicho moja vikali sana kwa dakika 15 hadi saa 3, jicho likitoa machozi na pua ikivuja upande huo huo. Mgonjwa hatulii, huzunguka chumbani. Vidonge vya kawaida havisaidii. Hutulizwa kwa oksijeni ya hospitali, lita 12 kwa dakika au zaidi.

Kichwa cha kukosa kahawa au chai huanza saa 12 hadi 24 baada ya kikombe cha mwisho. Anayejiandaa kwa Ramadhani apunguze kikombe kimoja kila baada ya siku mbili, kuanzia wiki moja au mbili kabla.

Hatua ya 5: Tuliza shambulio

Kunywa maji, kula kitu. Kisha parasetamoli gramu 1, yaani vidonge 2 vya miligramu 500, isizidi gramu 4 kwa saa 24. Kwa kipandauso, ibuprofeni miligramu 400 baada ya chakula kwa kawaida hufanya kazi vizuri zaidi, ila si kwa mwenye vidonda vya tumbo, ugonjwa wa figo, mjamzito, au mwenye pumu inayochokozwa na dawa hizo.

Meza mapema. Kipandauso kikishakolea, tumbo husimama na kidonge hukaa humo bila kufyonzwa. Ukisubiri "nione kama kitapita", umechelewa.

Nunua vidonge vikiwa kwenye pakiti yake, vyenye dawa moja tu. Kibahasha kisicho na jina kikataliwe, kwa sababu hatua inayofuata haiwezekani kama hujui ulichomeza.

Hatua ya 6: Hesabu siku za dawa

Hapa ndipo watu hukwama miaka. Dawa za maumivu zikitumiwa mara kwa mara kwa zaidi ya miezi 3 huleta kichwa chake chenyewe: unaamka nacho alfajiri, unameza, kinapungua, kesho kinarudi.

Hesabu siku, si vidonge. Vidonge 6 kwa siku moja ni siku 1. Kidonge 1 kila siku ni siku 30. Kikomo ni siku 15 kwa mwezi kwa parasetamoli, ibuprofeni, diklofenaki au aspirini ikiwa peke yake. Kwa zilizochanganywa na kafeini, na kwa kodeini au tramadoli, kikomo ni siku 10. Siku uliyomeza kwa ajili ya mgongo au hedhi inahesabiwa pia, na watu wengi huisahau.

Ukifika kikomo na kichwa kinauma nusu ya mwezi au zaidi, acha dawa hizo. Zile za kawaida huachwa kwa mkupuo, maana kupunguza kidogo kidogo mara nyingi huishia kurudi. Kodeini na tramadoli usiache ghafla kama unazimeza kila siku. Hizo hupunguzwa chini ya usimamizi wa daktari. Aspirini ndogo uliyoandikiwa kwa moyo, dawa za presha na za VVU haziguswi.

Siku 2 hadi 10 za mwanzo kichwa kitazidi, na pengine utatapika na kukosa usingizi. Usichague wiki ya mitihani wala ya msimu wa biashara. Waambie wa nyumbani, la sivyo atakayekuhurumia atakuletea panadol. Kunywa maji, kula kwa saa zile zile, lala kwa saa zile zile. Kwa kutapika, kliniki inaweza kukupa metoklopramidi miligramu 10, isizidi siku 5. Nafuu kamili huweza kuchukua miezi 2, kwa hiyo usihukumu wiki ya tatu.

Kabla hujaanza kuacha, mwombe daktari dawa ya kuzuia kichwa kisirudi. Amitriptilini ni nafuu: miligramu 10 jioni, saa mbili hivi, ikipandishwa taratibu. Hukausha mdomo na kuacha usingizi asubuhi, hivyo mwendesha boda aanze siku ya mapumziko. Haimfai mwenye mapigo ya moyo yasiyo sawa, presha ya jicho au mkojo unaoziba. Propranololi ni chaguo jingine, lakini mwenye pumu asiiguse.

Baada ya hapo, dawa ya maumivu isizidi siku 2 kwa wiki, na daftari liendelee.