Ukitaka nyumba ya kuzeekea, anza kwa kupima jeneza

Baba alifariki kwa kaka yangu, mjini Chake, Pemba, katika nyumba ambayo kila mgeni aliisifu. Marumaru yanang'aa, dari lina taa za rangi, na ukumbi mwembamba unapinda mara mbili mpaka chumba cha ndani. Jeneza lilipoletwa halikupinda. Wanaume wakalijaribu upande, wakalirudisha nyuma, mwisho wakaliweka sebuleni na baba akaletwa kwa shuka, watu sita wanabanana ukutani. Kaka yangu alisimama mlangoni hasemi kitu.

Mimi nilipoanza kujenga kwangu Wawi, nilikwenda msikitini na futikamba. Jeneza letu lina futi saba na nusu pamoja na mikono. Mzee anayetunza msikiti aliniuliza, "Mwalimu, kuna msiba?" Nikamwambia hapana, kuna ramani.

Nimejenga kwa mshahara wa ualimu, miaka kumi na moja, na si fundi. Lakini vijana wangu niliowasomesha sasa nao wanajenga, wananiletea picha kwenye simu: "Mwalimu, hii vipi?" Basi naandika hapa mara moja, nisirudie kila siku.

Usianze na vyumba. Chukua daftari, andika siku ambazo nyumba hiyo itaziona ukiwa ndani yake miaka arubaini. Siku ya maziko. Siku ya harusi ya binti. Wiki ya karafuu. Siku ya mvua ya masika na umeme umekatika. Siku mama yako anapoanguka bafuni. Halafu pita na kila siku hiyo ndani ya ramani: watu wanaingilia wapi, wanakaa wapi, maji yanatoka wapi, yanakwenda wapi.

Ya maziko ndiyo inayofundisha zaidi. Ukumbi wangu una upana wa futi tano na haupindi, na milango ya vyumba ni sentimita 90. Kisha kuna kumkosha maiti. Zamani ufuo, shimo la kupokea maji ya kumkoshea maiti, ulichimbwa humo humo chumbani, sakafu ya udongo, ukisha unafukiwa. Leo nani atavunja marumaru? Kwa hiyo chumba kimoja cha chini, kinachopakana na bafu, kiwe na sakafu yenye mwinamo na tundu la maji kwenye pembe, lenye kifuniko. Siku za kawaida hakuna anayelijua, mkeka unalifunika. Fundi alidhani nataka kufulia humo, nami nilimwacha adhani hivyo.

Chumba hicho hicho ndicho cha mzee. Na ndicho cha eda, maana mwanamke aliyefiwa atakaa miezi minne na siku kumi, na si haki kila akitaka kutia udhu apite mbele ya wageni waliokuja kuhani. Kiwe na mlango wake wa bafu, na bafu lisiwe na kizingiti. Kizingiti cha inchi tatu kijana hakioni. Mama yangu alikiona baada ya kiharusi, kila siku, mara tano. Wakati wa kupiga lipu mwambie fundi azike vipande vya chuma ukutani, pembeni ya choo na pembeni ya mfereji, vya kushikilia baadaye. Kuvitia siku ile ni kazi ya dakika. Kuvitia baada ya marumaru ni vita.

Sasa upande wa kuelekea. Hapa niligombana na fundi.

"Mwalimu, nyumba zote za njia hii zinatazama barabara."

"Fundi, barabara haina upepo."

Hesabu yake ni hii. Pemba tuko nyuzi tano tu kusini ya ikweta, basi jua la asubuhi linapiga ukuta wa mashariki na la alasiri linaupika wa magharibi. Saa sita liko juu ya paa, na upenu ukiwa mpana linahangaika huko huko. Kaskazi inavuma Disemba mpaka Machi, kusi inatushika kuanzia Aprili mpaka karibu Oktoba. Kwa hiyo nyumba iwe ndefu kutoka mashariki kwenda magharibi, madirisha makubwa yawe kaskazini na kusini, na kuta mbili fupi ndizo zipigwe na jua kali. Upepo ukiingia dirishani lazima uone pa kutokea: mlango ukabiliane na dirisha, na juu ya kila mlango wacha tundu la futi moja lenye wavu. Chumba chenye dirisha moja ni oveni, hata ulinunue la vioo la bei gani.

Na angalia jinsi mambo yanavyokubaliana: kibla chetu kiko kaskazini, karibu sawasawa kabisa. Nyumba ukiilaza hivyo, safu ya kusalia inakaa sawa na ukuta, huna haja ya kusali upande upande na busati limekatika pembeni. Ila choo ndicho cha kukumbuka. Anayekaa asielekee kibla wala asikipe mgongo, basi atazame mashariki au magharibi. Mwambie fundi kwa mdomo, kisha mchoree kwa chaki sakafuni, kisha uwepo siku ya kukitia. Mimi siku hiyo nilikuwa skuli. Choo cha kwanza tulikitoa na kukirudisha upya.

Upande wa magharibi, ule wa joto, usiupoteze kwa chumba cha kulala. Weka stoo, bafu na jiko, viwe ngao. Jiko pia haliwezi kukaa kaskazini wala kusini ya vyumba, kwa sababu nusu ya mwaka moshi utaingia kitandani. Likiwa magharibi, pepo zote mbili zinaupitisha moshi pembeni. Nasema moshi kwa sababu jiko la gesi la ndani ni la chai na mboga. Siku ya shughuli, sufuria la pilau la watu mia mbili haliingii humo. Unataka banda ndani ya ua, wazi pande mbili, mafiga ya saruji, na mlango wa ua ambao gari ya ng'ombe inaweza kupita na kuni zake.

Ua ndio nyumba yenyewe, ukiniuliza mimi. Wenzangu wanabana ua ili wapate sebule ya pili, kisha sebule hiyo inafungwa na makochi yake yanafunikwa nailoni. Wangu una futi arubaini kwa thalathini. Nusu ni saruji laini yenye mwinamo mdogo. Wiki ya karafuu majamvi ya kuanikia yanatandazwa hapo, na mawingu yakikusanyika tunayavuta watu wanne kuyaingiza chini ya upenu kabla ya tone la kwanza. Ndiyo maana upenu wa upande wa ua ni futi sita. Usiku watoto na majirani wanakaa hapo hapo kuchambua, makonyo huku, karafuu huku, na hadithi za uongo katikati.

Baraza la mbele nilimwachia mume wangu alipange, na alilipanga vizuri kuliko nilivyotarajia. Kimo inchi kumi na nane, upana futi mbili, mtu aweze kukunja miguu na bao likae kati yao. Mgeni wa kiume ananywa kahawa hapo na hana sababu ya kuingia ndani. Mlango wa mbele na mlango wa ua tuliipishanisha kidogo, ili mpita njia asione mpaka jikoni. Upepo ulipungua kiasi, nakiri. Tulichagua sitara.

Maji. Hesabu ni nyepesi: milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Paa langu ni mita za mraba 140, basi mvua ya milimita 10, ambayo masika hunyesha asubuhi moja tu, ni lita 1,400 kasoro zinazomwagika. Milizamu ya bati pande mbili, tangi la plastiki juu ya mnara wa tofali, na tangi jingine chini. Maji ya mvua ya kwanza baada ya kiangazi yamwage, yana vumbi na kinyesi cha ndege. Kisima kama unacho, karo la maji machafu liwe mbali nacho mita 30, na liwe upande wa bondeni. Sisi wa Pemba tuna vilima, maji ya chini nayo yanateremka. Nenda kwenye kiwanja mvua inaponyesha, na mwavuli, usimame nusu saa. Utaona mto ambao aliyekuuzia hakukutajia.

Mnara wa tangi una sababu nyingine. Waya wa chini ya bahari kutoka Tanga ulitufikia 2010, na umeme umekuwa na nafuu kubwa kuliko wa majenereta. Lakini ndugu zetu wa Unguja walikaa gizani kama miezi mitatu, kutoka Disemba 2009 mpaka Machi 2010, na dada yangu, anayeishi ghorofa ya tano Michenzani, alipandisha maji kwa ndoo muda wote huo. Tangi likiwa juu, maji yanashuka yenyewe, pampu ifanye kazi au isifanye. Na nyumba inayopitisha upepo inalalika bila feni.

Vifaa sina mengi. Mchanga wa pwani usiukubali hata wa bure: chumvi inakula nondo na lipu inababuka kama ngozi. Nondo za kuacha juu ya paa eti "nitapandisha ghorofa baadaye" zinaota kutu kwa hewa yetu, na ukifika huo wakati hazifai. Kama una nia ya ghorofa, weka nguvu kwenye msingi, na nondo za nguzo zifunike kwa saruji dhaifu utakayoibomoa. Kama huna uhakika, acha nafasi ya kuongeza kwa ubavuni. Mimi niliacha upande wa mashariki, na chumba cha mwanangu wa kiume na mkewe kimekaa hapo, na mlango wake wa nje. Mkwe anayeweza kutoka bila kupita jikoni kwa mama mkwe wake anaishi kwa raha. Na mama mkwe vilevile.

Kwa mwenye pesa kidogo kidogo, jenga kwa kuanzia nyuma. Karo, tangi, ukuta wa ua, chumba kimoja na bafu, hamia. Aliyeanza na sebule ya mbele bado anapanga nyumba ya watu mwaka wa nane.

Jambo la karatasi msiliache mpaka nywele ziwe nyeupe. Ardhi yetu Zanzibar ni ya serikali, tulicho nacho ni haki ya kuitumia, basi ijulikane haki hiyo ni ya nani. Mirathi ina mafungu yake, mtoto wa kiume mawili, wa kike moja, mke, mume akiacha watoto, thumni, na wakiwa wake zaidi ya mmoja wanaigawana hiyo hiyo, na nyumba haigawiki kama karanga. Ukitaka binti awe na chumba asichoweza kuondolewa, mpe hiba ungali hai na umkabidhi kweli, mbele ya mashahidi, si kwa maneno ya kitandani.

Mwisho ni mti, ambao ulitakiwa kuwa wa kwanza. Panda mwaka ule ule wa kupiga vigingi, kivuli kikute nyumba. Lakini mwembe usiutie karibu na paa kwa mita kumi. Mimi niliupanda kwa mita nne, na kila msimu wa maembe popo wanakuja usiku, wanakula juu ya bati langu, kokwa zinagonga kama mawe, na asubuhi mlizamu umejaa. Mume wangu anataka tuukate. Wajukuu hawataki. Kwa sasa tumenunua wavu wa kufunika tangi.