Kutoka Naivasha hadi Mbita: siku tano za watu wawili, ziwa kwa ziwa

Ziwa Naivasha hutulia asubuhi na kuchafuka alasiri. Kericho hupata mvua mchana ukishageuka. Feri ya Luanda Kotieno, inayovuka Ziwa Victoria hadi Mbita, huondoka na waliofika. Kwa hiyo ratiba hii imepangwa kwa saa kwanza, kilomita baadaye: anayekosea saa hukuta mahali pale pale pamebadilika.

Miezi mizuri ni Januari na Februari. Masika yakianza mwishoni mwa Machi, barabara za kando huwa matope. Mkianzia Nakuru, mzunguko wote ni kilomita 800 na ushee. Gari dogo la injini ya 1500 kwenye milima hii litakwenda kilomita 12 kwa lita, yaani takriban lita 68. Tengeni bajeti ya lita 80, kwa sababu kupanda Mau na foleni za malori hula mafuta.

Kabla ya kutoka

Breki ndizo za kuangaliwa kwanza. Fundi avue magurudumu ya mbele, na pedi zikiwa chini ya milimita 3 zibadilishwe. Mafuta ya breki yaliyozidi miaka miwili yamwagwe: hunyonya unyevu hewani, na mteremkoni yakipata joto maji yaliyomo huchemka, pedali ikawa laini kama godoro. Presha ya tairi ipimwe asubuhi kabla gari halijatembea, kwa kipimo kilichoandikwa kwenye fremu ya mlango wa dereva. Spea nayo ipimwe. Wengi huisahau, wakaja kugundua haina upepo wakiwa Londiani. Bebeni pembetatu mbili, jeki, spana ya magurudumu, tochi na lita tano za maji.

Anayeanzia safari nyanda za juu aulizie dawa ya kuzuia malaria kwa daktari mapema, maana nyingine huanzwa siku moja au mbili kabla ya kufika Kisumu na kuendelea wiki nne baada ya kurudi. Nguo ni za hali mbili: usiku wa Naivasha unataka sweta, Kisumu mtavaa pamba nyepesi.

Gawaneni kazi mapema. Mmoja anaendesha, mwenzake anashika ramani, simu na pesa. Kila saa mbili mnabadilishana. Ada ya hifadhi za taifa hulipwa kwa simu au kadi, hawapokei noti, basi lipieni usiku uliotangulia mtandao ukiwa mzuri. Kitambulisho msiache, kwa kuwa bila hicho huwezi kuthibitisha bei ya mwananchi.

Siku ya kwanza: Naivasha

Ondokeni Nakuru saa kumi na moja na nusu alfajiri. Ni kilomita 70, na mkipita mizani ya Gilgil kabla malori hayajajipanga mtafika mapema. Panda mashua kuanzia saa moja hadi saa tatu. Vaeni jaketi okozi na kuifunga kabisa, na mwambieni nahodha asiwasogelee viboko eti mpate picha nzuri. Kiboko akizama karibu na mashua hamjui ataibukia wapi.

Saa nne ni zamu ya mizabibu. Zabibu za divai ya Leleshwa hulimwa Morendat, karibu na mji wa Naivasha, na jina lenyewe ni la kichaka cha leleshwa, kile cha majani ya rangi ya fedha. Lifikiche jani moja vidoleni na harufu kama ya kafuri itabaki hadi jioni. Pigeni simu siku kadhaa kabla, maana shamba la mizabibu ni mahali pa kazi na mgeni wa ghafla hana wa kumtembeza. Swali la kuuliza ni hili: je, mizabibu imepogolewa lini? Huku karibu na ikweta hakuna baridi kali ya kuulaza mzabibu, kwa hiyo mkulima ndiye anayeulaza kwa mkasi. Akishapogoa, mmea huchipua upya, na matunda hufuata miezi kadhaa baadaye. Mkifika wiki moja baada ya kupogoa mtaona vijiti na waya tu.

Atakayeendesha asionje. Kiwango cha kisheria Kenya ni miligramu 0.35 za pombe kwa lita moja ya pumzi, na glasi ndogo ndogo za kuonja hujumlishana bila mtu kuhisi. Nunueni chupa mbili, mzifungue jioni mkiwa mmeshaegesha. Divai ikikaa kwenye buti juani huiva vibaya: kizibo husukumwa nje na ladha ikawa ya matunda yaliyopikwa. Ifungeni kwa taulo lililoloweshwa, mlaze chupa sakafuni nyuma ya kiti cha mbele, dirisha likiwa wazi kidogo. Maji yanapokauka kwenye taulo huondoka na joto.

Siku ya pili: Elementaita na Nakuru

Ziwa Elementaita ni kituo cha saa moja tu, kutazama mwari weupe. Kisha pumzikeni, na ingieni Hifadhi ya Ziwa Nakuru saa nane na nusu, kupitia geti la Lanet. Jua likipungua vifaru hutoka kwenye vichaka na kuja malishoni, na Baboon Cliff ndipo pa kutazamia ziwa lote. Msitarajie ile pete ya waridi ya heroe (flamingo) ya picha za zamani. Maji yalipanda sana katika miaka ya 2010, chumvi ikapungua, mwani unaoliwa na heroe ukapungua nao, na ndege wengi wakahamia Ziwa Bogoria. Mwenye siku ya ziada aende huko. Ni kama kilomita 100 kaskazini mwa Nakuru, na kwenye chemchemi za moto za Loburu abaki njiani, kwa kuwa ukoko wa ardhi ni mwembamba na chini yake ni maji yanayochemka.

Siku ya tatu: Mau, Kericho, Kisumu

Hii ndiyo siku ya dereva. Tokeni saa moja asubuhi. Kati ya Salgaa na Mau Summit malori hupanda taratibu na mengine hushuka kwa kasi, wengine wakiweka nyutro kuokoa mafuta. Acheni nafasi kubwa mbele yenu, msipite trela penye kona, na ukungu ukiwashukia washeni taa za chini. Taa kali hugonga ukungu na kuwarudia machoni.

Fikeni Kericho kabla ya saa tano. Majani ya chai yakiwa na umande, wachumaji wako kazini wakinyakua majani mawili na chipukizi lake. Ombeni ruhusa kabla ya kuingia mistarini au kupiga picha ya mtu. Saa nane ikifika mawingu hujikusanya, na mvua ya mawe ya Kericho hupasua hata majani ya migomba.

Baada ya Kapsoit barabara inateremka kuelekea Awasi. Ingizeni gia ya tatu au ya pili kabla ya mteremko kuanza. Kwa otomatiki ni 2, S au L. Breki ikanyagwe kwa nguvu kwa sekunde chache na kuachiliwa, kuliko kuiegemea njia nzima. Mkisikia harufu kama ya plastiki inayoungua, tafuteni mahali tambarare na mkae dakika 20. Msiimwagie rimu maji, diski moto huweza kupinda. Chupa tupu ya maji mliyoifunga Mau Summit mtaikuta imebonyea yenyewe mkifika Ahero: hewa ya huku chini ni nzito zaidi.

Kisumu, mita 1,131 juu ya usawa wa bahari, jua huzama upande wa ziwa. Nendeni ufuo wa Dunga saa kumi na moja jioni, mle ngege (tilapia) kwa ugali. Samaki mzuri ana matamvua mekundu, macho yaliyojaa, na nyama ikibonyezwa hurudi. Msitie miguu kwenye maji ya pembeni yenye magugu, kwani ndimo wanamokaa konokono wa kichocho.

Siku ya nne na ya tano: feri, Mbita na kurudi

Usiku ulizeni wenyeji kama feri inafanya kazi na inaondoka saa ngapi. Magugumaji yakisukumwa na upepo hadi gatini huichelewesha. Fikeni Luanda Kotieno dakika 45 mapema. Mkishapakiwa, vuteni hendibreki, mwache gari kwenye gia, mshuke nyote wawili. Kuvuka ni kama saa moja. Feri ikikwama, zungukeni kwa Katito, Kendu Bay na Homa Bay, lakini hiyo inakula nusu siku.

Kutoka Mbita daraja linaingia kisiwa cha Rusinga, alikozikwa mwanasiasa Tom Mboya. Lala Mbita au Rusinga, chandarua kikiwa kimechomekwa chini ya godoro pande zote.

Kurudi pitieni Homa Bay, Kisii, Sotik na Kericho. Ondokeni saa moja asubuhi ili mpite kabla ya mvua. Samaki wa kupeleka nyumbani wanunuliwe asubuhi hiyo hiyo, watolewe matumbo na matamvua, wapangwe kwa tabaka, barafu chini na juu. Kila mkisimama mwageni maji yaliyoyeyuka, kwa sababu kinachomharibu samaki njiani ni kulowa ndani ya maji hayo.